Kufanana na Mwamba

Mchoraji Per Kirkeby alizaliwa Copenhagen mwaka 1938, akasomea jiolojia katika chuo kikuu cha mji huo, akafuatana na misafara ya utafiti kwenda Greenland, akahitimu mwaka 1964. Kuchora ni sehemu ya kazi ya mwanajiolojia awapo nyikani. Hujifunza kufuata kila ufa kwa penseli, na kuweka alama mahali jiwe la rangi moja linapokutana na la rangi nyingine. Mtu aliyefunzwa hivyo angeweza kutuchorea jabali ambalo hata mkazi wa Greenland angelitambua. Lakini katika michoro yake mikubwa ya rangi za mafuta, mara nyingi huoni jabali wala kilele. Unaona kahawia imeilalia kijani, nyeusi imepita katikati ikizikata zote mbili, na njano iliyofunikwa ikichungulia pembeni. Mtazamaji anauliza, na ana haki ya kuuliza: mwamba uko wapi?

Ndani ya swali hilo kuna imani kwamba kitu hufanana na kingine kwa sura. Picha ya mtu inafanana naye kwa kuwa pua iko mahali pa pua na jicho mahali pa jicho. Kwa kiumbe chenye uso imani hiyo inatutosha. Kwa mwamba, naona haitoshi hata kidogo.

Mwaka 1788 mwanajiolojia Mskoti James Hutton alipanda mashua pamoja na rafiki zake John Playfair na James Hall, wakaambaa na pwani ya mashariki ya Scotland hadi mahali paitwapo Siccar Point. Walikuta matabaka ya jiwe la kijivu yamesimama karibu wima, na juu yake yamelala matabaka ya jiwe jekundu la mchanga. Hutton aliusoma mkao huo kama mfuatano wa matukio. Mashapo ya kijivu yalitulia chini ya bahari, yakagandamana kuwa jiwe, yakasukumwa hadi yakasimama, yakainuliwa na kuliwa na maji na upepo. Kisha mchanga mwekundu ukaja kulala juu ya mabaki yake, nao ukawa jiwe. Kati ya tabaka la kijivu na jekundu kuna pengo la makumi ya mamilioni ya miaka. Umbo la nje, lile ambalo mchoraji wa mandhari angelinakili, ndilo changa kuliko yote hayo, na mawimbi yangali yanalichonga. Kinachoufanya mwamba ule uwe mwamba ule ni mpangilio wa yaliyoupata. Anayenakili umbo peke yake amechukua tukio la mwisho na kuyaacha mengine yote.

Basi kuna kufanana kwa namna ya pili: kufanana katika kuumbika. Hapo ndipo Kirkeby aliposimama. Alipaka rangi juu ya rangi, akafunika alichokwisha kufanya, akaacha sehemu wazi, akarudi tena.

Hapa kuna pingamizi zito, nami sitaki kulipita kwa haraka. Kama kupaka tabaka juu ya tabaka kunatosha kufanana na mwamba, ukuta wa nyumba uliopakwa rangi mara nyingi nao ni mchoro wa milima. Hakuna atakayekubali hilo. Tofauti iko wapi?

Wanajiolojia wana kanuni mbili ambazo mwanafunzi huanza nazo. Katika matabaka ambayo hayajapinduliwa, lililo chini ni la zamani kuliko lililo juu. Na kinachokata ni kichanga kuliko kilichokatwa: ufa uliopenya tabaka umekuja baada ya tabaka. Kanuni hizo zinatawala turubai vilevile. Mstari mweusi uliopita juu ya kahawia iliyokwisha kukauka ulikuja baadaye, na jicho linaweza kulithibitisha hilo bila kuambiwa. Ukuta una matabaka mengi, lakini lile la mwisho limeficha yote. Hauna chochote cha kusomwa. Mchoro wa Kirkeby umeachwa wazi mahali panapohitajika, kiasi kwamba mtazamaji anaweza kushuka kutoka tendo la mwisho kuelekea la kwanza, akakwama, akaanza upande mwingine, kama afanyavyo mtafiti mbele ya mwamba. Kufanana huko ni kwa kweli. Tena kunadai kazi kubwa kwa mchoraji, kwa kuwa lazima ajue cha kufunika na cha kuacha.

Njia hii ilikwisha kufunguliwa kabla ya Kirkeby. Mchoraji Mfaransa Paul Cézanne, rafiki tangu ujana wa Antoine-Fortuné Marion aliyekuja kuwa mtaalamu wa jiolojia, alikodi kibanda kwenye machimbo ya mawe ya Bibémus, karibu na Aix-en-Provence, kuanzia mwaka 1895. Mawe ya rangi ya manjano ya machimbo hayo yalijenga mji wake. Katika mchoro wake wa mlima Sainte-Victoire uonekanao kutoka Bibémus, wa mwaka 1897 hivi, kila bapa la rangi limewekwa kando ya jingine bila kufichwa, na mlima umesogezwa karibu kuliko macho yanavyouona ukiwa pale. Bado mlima unatambulika. Kirkeby alikwenda mbele zaidi kwa kuliacha umbo.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo mlinganisho huu unakoma. Mashapo hayakutaka kutulia chini ya bahari, yalitulia tu. Rangi iliwekwa na mtu aliyeweza kuacha kuiweka. Kwa hiyo anayedai kwamba anapaka rangi kama maumbile yanavyofanya kazi amejivika sifa isiyo yake. Kinachofanana ni mpangilio na usomekaji wake. Nia ni ya mchoraji peke yake. Kwa kipimo hicho, naiweka michoro ya Kirkeby miongoni mwa michoro ya mandhari, na siioni kuwa mapambo ya rangi kama baadhi ya watu wanavyoichukulia. Kirkeby alifariki mwaka 2018, na kazi zake zimo katika jumba la sanaa la Louisiana, kaskazini mwa Copenhagen. Atakayejaliwa kufika huko atafute kwanza rangi iliyozikata nyingine, kisha ashuke.