Adhana Si King'ora

Ukitaka kujua gaidi ataingia lini kwenye filamu, sikiliza adhana. Kamera inapita juu ya mapaa ya Mji wa Kale, mnara unaonekana, mwadhini anaanza, na wewe mtazamaji ushajua kuna mtu atakufa. Sisi tunaokaa nyuma ya Ndia Kuu tukiisikia sauti hiyo tunajua tu kwamba alasiri imeingia, na muuza kahawa hayuko mbali.

Hata filamu nzuri zina shida hii. Watu Wote ya 2017, iliyofika hadi kuwania Oscar, ilitokana na kisa cha kweli cha Desemba 2015, kule Mandera. Al-Shabaab walisimamisha basi, abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Nililia nikiitazama. Baadaye nikajiuliza, mbona hata wema wetu hauonekani mpaka kuwe na bunduki? Jirani yangu anayempelekea soja wa Kikristo futari kila Ramadhani hana filamu.

Lakini na mimi si msafi. Tangu niache chuo kikuu naishi kwa kuandika, na kuandika hakuna mshahara. Mhariri mmoja wa ng'ambo alitaka hadithi ya Mombasa "yenye uzito". Nilijua anataka nini. Nikamchukua maalim wangu wa chuo (chuo cha kwanza, kile cha alifu na be), nikamwachia kanzu yake, kikohozi chake, hata bakora yake, kisha nikamfichia bunduki chini ya msala. Wakalipa. Kodi ya miezi miwili.

Bakora ilikuwa kweli. Sisemi tuandike masheikh wasiokosea. Huo nao ni uongo, na hadithi za kusifu dini tu zinanichosha sawa na filamu za magaidi. Maalim alituchapa, na siku mmoja wetu akimaliza juzuu alitununulia viazi karai sote. Kumtia dosari si kosa. Kosa ni kwamba zake za kweli niliona haziuzi, nikamvika za mtu mwingine.

Na si kwamba haiwezekani. Khadija Abdalla Bajaber, mtu wa hapa hapa Mombasa, katika The House of Rust ya 2021 anamtuma msichana baharini pamoja na paka, amtafute babake mvuvi. Dini imo mle kama chumvi ndani ya maji. Hakuna anayesimama kumfafanulia mgeni.

Juzi nimekutana na maalim nje ya msikiti. Nikambusu mkono.

"Nasikia umeniandika, mwanangu."

"Ndiyo, maalim."

"Kwa Kiingereza?"

"Ndiyo."

Akaketi barazani, akapangusa nafasi kando yake kwa kiganja. "Haya, nisomee basi, unifasirie."

Nikamwambia simu imezima. Haikuwa imezima.