Mama Mshunami na Shamba Lake: Tutaipimaje Haki?



Neno letu linatoka 2 Wafalme 8:1-6. Mama Mshunami alikimbia njaa, akakaa ugenini kwa Wafilisti miaka saba. Aliporudi, ilimbidi aende kwa mfalme kulilia nyumba na shamba lake.

Sisi wa Rumonge, Nyanza-Lac na pwani yote ya Ziwa Tanganyika hatuhitaji kufafanuliwa habari hii. Wazee wetu walikimbia mwaka 1972, kufuatia machafuko yaliyoanza huko mwishoni mwa Aprili na mauaji makubwa yaliyofuata. Nyuma yao mashamba walipewa wengine, na mengine yakaingia katika mradi wa michikichi.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulisema mkimbizi arudishiwe mali yake, au alipwe fidia. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, ile CNTB. Mwaka 2014 ikaundwa Mahakama Maalumu kwa wasioridhika na maamuzi ya Tume. Muda wa Tume uliisha mwaka 2022. Je, kwa kuwa ofisi zilikuwepo, tuseme haki ilipatikana?

Tupime kwa kipimo cha Mshunami.

Kwanza, alifika. Mlango wa mfalme haukufungwa mbele yake.

Pili, alisikilizwa. Mfalme alimwuliza yeye mwenyewe, ingawa ni mwanamke. Kwetu urithi wa ardhi umeachiwa mila, na binti mara nyingi hana sauti.

Tatu, neno lilitekelezwa. Alipewa ofisa wa kulisimamia. Hukumu isiyotekelezwa ni karatasi tu.

Nne, alirudishiwa shamba pamoja na mazao ya miaka yote aliyokuwa ugenini.

Hata Umoja wa Mataifa, katika malengo yake ya mwaka 2015, uliongeza mwaka 2020 kipimo cha namna hii: kati ya waliopatwa na ugomvi, ni wangapi walifika mahali pa kuutatua? Hapo hayahesabiwi majengo ya mahakama. Anaulizwa mwananchi.

Lakini angalieni jambo moja. Mama huyu alipoingia, Gehazi alikuwa akimsimulia mfalme habari zake. Alikuwa na wa kumsemea. Je, mjane asiye na Gehazi? Haki ya nchi hupimwa kwa huyo.

Tena tusimsahau aliyeko shambani leo. Wengine walinyang'anya, lakini wengine walizaliwa pale, au walinunua kwa jasho lao. Tume mwanzoni iligawa mashamba kati ya pande mbili, baadaye ikaelekea kurudisha lote, na kila njia iliacha watu wakilia. Mizani ya Mungu haina upande mmoja.

Basi tufanye nini? Kaeni na wazee wangali hai, mwandike mipaka, majirani na mashahidi. Andikeni majina ya mabinti pia, kama mabinti wa Selofehadi (Hesabu 27). Ukiitwa kushuhudia, usiongeze hata hatua moja ya shamba. Na ukijua kusoma, uwe Gehazi wa mjane: msomee barua yake, msindikize ofisini, bila kumdai kitu.

Yule mjane wa Luka 18 hakuchoka, ingawa kadhi wake hakumcha Mungu. Nasi tusichoke. Hakimu wetu wa juu halali, wala hapokei rushwa.

Mungu awabariki. Amina.