Haki ya Nyuki Katika Uwanja Wako

Ndugu zangu, mtu akiulizwa, "Mbona umeufyeka uwanja hatta umebaki mtupu?" hujibu, "Uwanja ni wangu." Neno hili ni kweli, lakini halijibu suali. Mali ni amana, na katika amana wamo wenye haki wasiojua kusema.

Tazama boga. Maua yake ni namna mbili, dume na jike, katika mmea mmoja. Na vumbi la dume halifiki kwa jike ila kwa kuchukuliwa na mdudu. Nyuki asipokuja, kitoto cha boga hunyauka kikaanguka, nasi twasema ardhi imechoka! Na vanila ilipotolewa Mexico ikapandwa kisiwa cha Réunion, ilichanua bila kuzaa, kwani wadudu wake walibaki kwao. Hatta mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, akavumbua njia ya kuiunga kwa mkono. Mpaka leo watu hufanya kazi hiyo ya mdudu, ua kwa ua.

Atasema mtu, "Kichaka huleta nyoka." Ni hofu ya haki, wala simcheki. Basi na afyeke karibu ya mlango. Lakini kivumbasi na mfuu, mimea ya pwani hii, ukingoni mwa uwanja vyamdhuru nini?

Imethubutu katika Hadithi kuwa anachokila ndege au mnyama katika alichopanda Mwislamu ni sadaka yake. Wangapi hutoa sadaka Ijumaa, kisha Jumamosi wakachoma maua yaliyokuwa riziki ya wengine? Mimi nalikuwa mmoja wao, na mwaka ule maboga hatukuyala.