Kuku Aliyeonekana: Filamu, Mtoto na Ujirani wa Wanyama katika Miji ya Ziwani

Katika The Gutenberg Galaxy (1962), Marshall McLuhan anakirejelea kisa cha John Wilson. Wanakijiji fulani barani Afrika walionyeshwa filamu ya kufundisha namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba kuku yumo. Iliwabidi waipitie filamu picha kwa picha ndipo wakamwona akikatiza pembeni. Kisa hiki kimezoeleka kama ushahidi kwamba hadhira ile haikujua kusoma picha. Chaweza kusomwa kinyume: hadhira ilimwona mkazi wa kijiji ambaye waliomnasa kwa kamera hawakumhesabu.

Usomaji huo una uzito kwa anayekusudia kumfundisha mtoto wa Homa Bay au Migori habari za wanyama wa mjini kwa filamu. Serengeti darf nicht sterben (1959), ya Bernhard na Michael Grzimek, iliijengea dunia taswira ya mbuga ambamo mwenyeji, akionekana, huonekana kama tishio. Mtoto aliyelelewa na picha za namna hiyo huamini kwamba maumbile yako kwingine: huko Ruma, katika Bonde la Lambwe, kimbilio la mwisho la korongo nchini Kenya (yule mnyama wa jamii ya swala, kwa kuwa neno hilo hutaja pia ndege na genge la mmomonyoko). Kongoti anayengoja matumbo ya samaki sokoni hahesabiwi.

Kumweka kongoti na muuza samaki katika picha moja ni tendo la haki. Hata hivyo, ujirani una gharama. Kiboko naye ni jirani, Homa Bay kama Muhuru Bay. Hutoka ziwani usiku kula mazao, na huua. Mtengenezaji wa filamu za watoto hushawishika kumpa sauti ya kuchekesha na kujitetea kwa ngano. Utetezi huo ni dhaifu. Katika ngano, Sungura na Fisi ni watu waliovaa ngozi, na mtoto analijua hilo. Kamera, kwa upande wake, hudai kumwonyesha mnyama mwenyewe. Kumfanya kiboko rafiki mbele ya mtoto ambaye shamba la kwao limeliwa ni uongo, na mtoto huyo atakuwa wa kwanza kuutambua. Kumficha ni uongo wa pili.

Fasihi simulizi ya Waluo ina msingi bora zaidi. Ziwa Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, husimuliwa kuwa lilikimeza kijiji kilichomnyima kikongwe mgeni mahali pa kulala. Masimulizi hayo hayamtaki mgeni awe mzuri wala mcheshi. Wajibu hautokani na kupendezwa, na hapo ndipo yanapotofautiana na filamu nyingi za wanyama, ambazo humwomba mtoto apende kwanza ndipo ajali. Kongoti, pamoja na upara wake na harufu ya jalala, hatapendwa kwa urahisi. Filamu inayomtaka apendwe itashindwa mahali ambapo ingetosha kumwonyesha kazini, miguuni pa mama anayepara sato.