Je, Mbung'o Aliumbwa Bure?

Mwalimu anapowafundisha wanafunzi habari za wadudu, huona ni jambo jepesi kusema juu ya nyuki. Nyuki hutupatia asali na nta, na Sura ya 16 ya Kurani Tukufu imeitwa kwa jina lake. Ugumu huanza pale mwanafunzi anaponyosha mkono na kuuliza: "Na mbung'o je, mwalimu? Yeye aliumbwa kwa faida gani?" Swali hili lina uzito. Mtoto wa Tabora, Urambo au Kaliua hamjui mbung'o kwa picha ya kitabuni tu. Amjua kuwa ni mdudu aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Haifai kumjibu kwa maneno matupu.

Wako walimu ambao hupiga mstari katikati ya ubao, upande huu wakaandika wadudu wenye faida, na upande wa pili wadudu waharibifu. Mpango huu humsaidia mwanafunzi katika mtihani, lakini humfundisha kosa, kwani humfanya mwanadamu kuwa mizani ya viumbe vyote: kimfaacho leo ni chema, na kisichomfaa ni kibaya. Hebu tuutazame mstari huo katika nchi ya Unyamwezi, tuone kama kweli upo.

Tuanze na njia ya zamani ya misafara. Katika karne ya 19 njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,200. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo na shanga zilipanda bara, na mizigo karibu yote ilichukuliwa na watu, kila mpagazi akibeba kiasi cha ratili 70. Kwa nini haikuchukuliwa na wanyama? Wengine walijaribu. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walianza safari kutoka Saadani na magari ya kukokotwa na maksai, lakini maksai wao wengi wakafa njiani. Mwaka 1879 tembo wanne wa Bara Hindi waliteremshwa karibu na Dar es Salaam, kwa gharama ya mfalme wa Ubelgiji, ili wajaribiwe kubeba mizigo. Nao pia hawakuondoa haja ya wapagazi. Haja hiyo ilipungua sana reli ilipofika Tabora mwaka 1912.

Mwanafunzi akisikia habari hizi aweza kusema: "Basi mbung'o ndiye aliyewatesa babu zetu." Hapo yampasa mwalimu kumsimamisha kidogo. Ni kweli kwamba mbung'o aliua wanyama wa mizigo. Lakini hakumfunga mtu yeyote mnyororo. Katika njia ile ile, maelfu ya Wanyamwezi walibeba mizigo kwa ujira na waliionea fahari kazi yao, na wengine walipelekwa pwani kuuzwa. Tofauti ya hali hizo mbili ilifanywa na wanadamu. Mdudu hana dhambi, kwa kuwa hana hiari. Dhambi hukaa kwa yule aliyepewa hiari akaitumia vibaya. Mtu anayemtwika mdudu makosa ya watu huwa amekimbia hesabu yake mwenyewe.

Tena, tuulize ni nani aliyemwenezea mbung'o makao yake. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliteketeza ng'ombe wengi mno katika Afrika Mashariki, na njaa ikafuata. Kisha vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vikawachukua wanaume wengi kwenda kubeba mizigo ya majeshi. Mahali pengi mashamba yakaachwa, vichaka vikaota, wanyama wa porini wakarejea, na mbung'o akafuata nyuma yao, kwa sababu yeye huhitaji kivuli na damu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili waepukane na malale. Hivyo mahame yakawa pori. Mbung'o hakuvunja mlango. Aliingia katika nyumba iliyoachwa wazi.

Sasa tumrudie nyuki. Makao yake mazuri katika Tabora ni msitu huo huo wa miyombo na mininga. Humo wafugaji hutundika mizinga ya magogo na ya magome, na asali ya Tabora ina sifa Tanzania nzima, hata mjini Tabora kipo chuo cha kufundisha ufugaji wa nyuki. Lakini msitu huo ulisalimikaje kwa miaka mingi hivyo? Sababu moja kubwa ni kwamba ng'ombe hawakuweza kukaa humo na watu waliuogopa. Basi mrina asali huchuma katika shamba lililolindwa na adui yake. Pale watu walipofyeka msitu, mara nyingi iliingia mifugo, na tumbaku ambayo hukaushwa kwa kuni nyingi, na maua ya nyuki yakapungua. Kadhalika mfugaji mwenyewe, akiubambua mti mkubwa magome yake ili apate mzinga, mti ule hufa. Mdudu tumwitaye mwema aweza kuwa sababu ya mti kuangamizwa, na yule tumwitaye mbaya akawa sababu ya mti kusimama.

Hata nzi, ambaye hakuna anayemsifu, anayo sehemu yake. Miembe mikubwa ya Tabora na Ujiji ni ukumbusho wa misafara ya zamani, kwani mwembe ulitoka pwani ukaingia bara pamoja na wasafiri. Maua ya mwembe huchavushwa kwa sehemu kubwa na nzi wa namna mbalimbali. Mtu hula embe huku akimfukuza nzi, wala hajui kwamba anamfukuza mmoja wa wafanya kazi wake. Basi mstari wa ubaoni uko wapi?

Hata hivyo, ndugu msomaji, tujihadhari tusianguke upande wa pili. Je, tuseme kwamba kwa kuwa mbung'o alilinda msitu, basi aachwe? La, hasha! Mama aliyempoteza mwanawe kwa malale hawezi kuambiwa kwamba mdudu yule alihifadhi miti. Jibu la namna hiyo ni ukatili uliovishwa joho la hekima, na mwalimu wa dini asilitoe kamwe. Dini haikututaka tuite maumivu kuwa si maumivu. Kuulinda uhai wa mtu ni wajibu, na anayemwua mdudu aletaye mauti hatendi dhuluma.

Lakini kinga nayo ina mipaka. Katika Sahihi Bukhari imo Hadithi ya nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na chungu, akaamuru kiota chao chote kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuwaangamiza wengi kwa ajili ya mmoja. Hapa tumepata kipimo: kinga isiizidi hatari. Katika karne iliyopita, ili kumpiga vita mbung'o, katika nchi kadhaa za Afrika wanyama wa porini waliuawa kwa maelfu na misitu mikubwa ikafyekwa. Kisha tazama jinsi ilivyofanywa Unguja. Mbung'o walipunguzwa kwanza kwa dawa. Halafu, kuanzia mwaka 1994, madume waliolelewa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi yaliachiliwa kwa ndege kwa mamilioni. Majike waliopandwa na madume hayo hawakuzaa tena, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Ng'ombe wakapona, na msitu wa Jozani ungali umesimama.

Kwa nini njia hiyo ilifaulu? Ni kwa sababu walikuwako watu waliokaa na kumtazama mbung'o kwa makini badala ya kumlaani tu. Waliona kwamba hatagi mayai mengi kama nzi wengine. Jike huchukua mimba ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, humlisha tumboni kwa kitu mfano wa maziwa, kisha humzaa akiwa amekua, naye hujifukia udongoni. Kwa kuwa uzao wake ni mchache, mwenye kuuzuia uzao huo humshinda. Angalieni basi! Mdudu tunayemchukia kuliko wote amepewa malezi ambayo yangetustaajabisha kwa mnyama mkubwa. Na wale waliokubali kuyastaajabia ndio waliopata silaha ya kutukinga naye.

Basi mwanafunzi ajibiweje? Aambiwe kwamba faida ni jambo moja na hekima ni jambo jingine. Faida ni kile tunachokipata sisi. Hekima ni mahali pa kila kiumbe katika mpango ambao hatukuupanga. Mbung'o hana faida ya kutia mfukoni, lakini hakuumbwa bure. Tumepewa ruhusa ya kujikinga naye, tumepewa akili ya kumchunguza, na tutaulizwa jinsi tulivyotumia vyote viwili. Mwalimu afute mstari ule wa ubaoni, na mahali pake aandike maswali matatu: Kiumbe hiki huishi vipi? Nani humtegemea? Na mkono wangu ukimgusa, utagusa nini kingine?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuvitazama viumbe vyake kwa macho ya wenye kufikiri, na atukinge na shari ya ujinga wetu. Amin.