Tunasikilizana au Tunajisikiliza?

Wazee walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii imeingia hata katika mitambo ya muziki. Zamani waimbaji na wapigaji walishiriki spika zilizowekwa chini mbele yao. Siku hizi katika makanisa mengi kila mmoja huvaa spika ndogo ndani ya masikio, naye hupewa mchanganyiko wake mwenyewe: ngoma kiasi gani, kinanda kiasi gani, sauti yake kiasi gani.

Kazi ya kubadilisha viwango hivyo wimbo kwa wimbo yaweza kuachiwa MIDI, yaani lugha ya vyombo vya muziki vya umeme iliyoonyeshwa hadharani huko California mnamo Januari 1983. MIDI haibebi sauti hata kidogo, hubeba amri tu. Waya mmoja una njia 16, na viwango huandikwa kwa namba, 0 hadi 127. Wimbo unapoanza, amri moja hutumwa, na miksa inayoielewa hurudisha viwango vilivyohifadhiwa wakati wa mazoezi. Mtambo hutii, lakini hausikilizi.

Je, ni vema kila mtu asikie apendavyo? Wengine husema huo ni ubinafsi mtupu. Sisi hatukubali upesi hivyo. Mwimbaji asiyejisikia hukaza koo, hupotoka, na kuwafunika wenzake. Basi kujisikia kwa kiasi ni njia ya kuwatumikia wengine. Ubaya huanza mtu anapozidi kupandisha sauti yake mpaka wenzake wanatoweka masikioni mwake. Hapo amesimama katikati ya kwaya, lakini anaimba peke yake, wala hajui.

Tena, amri iliyoandikwa Jumamosi haiyajui ya Jumapili. Pengine mwimbaji wa sauti ya tatu ameamka na mafua, na sauti yake imefifia. Mtambo utarudisha viwango vya jana kana kwamba yu mzima. Ni mwanadamu tu atakayetambua kwamba mwenzake hasikiki, akampandisha kidogo na kujishusha mwenyewe.

Kwa hiyo twashauri hivi: mtambo ukumbuke, lakini usiamue. Apangaye mchanganyiko wake aanze na sauti za wenzake, kisha aongeze yake kwa kadiri ya haja. Na kwa kuwa spika hizo huziba masikio, iwekwe maikrofoni inayowaelekea waumini, nao waingizwe katika kila mchanganyiko. Kwaya isiyowasikia watu itawaongozaje kuimba? Mwisho, awepo daima mtu mmoja mwenye mkono karibu na miksa.

Nasi tusioimba kwayani tusijitoe. Majumbani mwetu na katika vikao vyetu pia tumejipangia nani asikike na kwa kiasi gani, na mipango mingine ni ya miaka mingi. Tujiulize: ni nani tuliyemshusha hata sasa hatumsikii tena?