Ila Iliyofichika na Dhima Yake

Ndugu zetu, ni jambo lijulikanalo na kila Mwislamu kwamba muuzaji hana ruhusa kuficha ila ya bidhaa yake. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na umaji. Mwenye mali alipotoa udhuru wa mvua, aliulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyorowa ili watu waione. Kisha akabainishiwa kwamba mwenye kughushi hamo katika wafuasi wake.

Twauliza leo: ikiwa ila ni ile ambayo mkono hauihisi, jicho haliioni, wala ulimi hauionji, dhima yake i juu ya nani?

Swali hili si la kubuni. Huko Migori, pande za Nyatike na Macalder, watu wengi hutafuta riziki kwa kuchimba dhahabu kwa mikono. Mawe husagwa yakawa unga, na unga hukorogwa kwa maji na zebaki, nayo zebaki huikamata dhahabu. Donge hilo huchomwa, zebaki ikapaa kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Wa kwanza kuuvuta mvuke huo ni mchimbaji mwenyewe. Masalia huchukuliwa na mvua vijitoni hadi Mto Migori, unaoungana na Mto Kuja na kuingia Ziwa Victoria.

Katika matope, vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina iliyo kali zaidi. Huingia katika viumbe vidogo vya majini, kisha katika samaki wadogo, kisha katika mbuta mkubwa awalaye hao, na kila hatua sumu huzidi kukusanyika. Haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kukaangwa. Adhurikaye zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwani huuharibu ubongo unaoumbika. Ulimwengu ulifunzwa haya na msiba wa Minamata, Japani, uliotambuliwa mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda.

Hatusemi kwamba samaki wa Homa Bay ni sumu. Kusema hivyo bila kupima ni kuwadhulumu wavuvi na akina mama wanaoanika omena ufuoni. Twasema kwamba ziwa halina ukuta baina ya Migori na Homa Bay, na mnunuzi hana njia ya kujua. Mwaka 1999, ilipohofiwa kwamba wako wanaovua kwa dawa za kuulia wadudu, Ulaya ilizuia samaki wa ziwa hilo kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Mlaji wa Ulaya alikuwa na mlinzi mlangoni. Mlaji wa Homa Bay alikuwa na nani?

Watu watasema: asiyejua hana dhambi. Ni kweli kwa mchuuzi maskini. Lakini ujinga wenye udhuru ni ule usioweza kuondolewa. Ila ionekanayo, dhima yake ni kuidhihirisha. Ila isiyoonekana, dhima yake ni kuipima, na kupima kunamlazimu mwenye uwezo: serikali yenye maabara, tajiri wa samaki, amuuziaye mchimbaji zebaki, na anunuaye dhahabu yake. Kumwambia mchimbaji aache zebaki bila kumwonyesha njia nyingine ni kumwambia alale njaa. Na njia zipo, kama kuitenga dhahabu kwa uzito wake katika maji, au kuchomea donge katika chombo kilichofungwa kinasacho mvuke.

Nasi watu wa pwani tusijione tu mbali. Omena wa ziwani huuzwa katika masoko ya Mombasa. Na dhahabu je? Twaipima kwa mizani siku ya arusi, twagombana juu ya uzito wake, lakini ni nani kati yetu aliyemwuliza sonara imetoka wapi na kwa gharama ya afya ya nani?

Yatupasa basi tuulize, na tuwatake wenye mamlaka wapime samaki na maji na kutangaza matokeo kwa lugha waifahamuyo watu. Kutangaza huko ndiko kuiweka juu nafaka iliyorowa. Mwenyezi Mungu atupe chumo la halali, na atuepushe na kunyamaza penye madhara ya wenzetu. Amin.